Kifua cha Fundi Pindo

Kwa fundi wa nguo, mwanamke hana matiti. Ana kifua. Ana kifua, ana kiuno, ana nyonga, ana urefu wa mkono, basi. Vingine akaviache kwake. Fundi Pindo alipimia watu kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga, mlango wake ukitazamana na wangu, na sikupata kumsikia akilitaja lile neno jingine hata siku moja. Futi ilipita chini ya makwapa, ikazunguka mgongo, ikaja kukutana mbele, naye akasema "kifua," kisha namba. Mteja akiwa mwema kwake, namba aliinong'ona. Akiwa ni yule aliyetorokea kwa fundi mwingine kisha akarudi, namba ilisikika mpaka kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara.

Neno hilo ndilo lililomlisha, na ndilo lililomponza. Nitakwenda polepole, maana watu wa mtaa wetu hupenda kusema Bibi huyu anatia chumvi, na habari hii nimeapa kuipika bila chumvi.

Jina la Pindo lilitokana na mikono yake. Angekupindia gauni ukiwa umelivaa, umesimama, unapiga soga, ukaondoka bila kujua kama sindano ilipita. Bwana harusi mmoja alichelewa, suruali inafagia barabara, na Pindo alimpindia huku jamaa anakimbilia gari, fundi nyuma yake kwa magoti, pini mdomoni, mpaka gari likaondoka na mguu mmoja umekamilika na wa pili umepata nusu. Waulizeni waliokuwa ndani ya gari. Na cherehani yake ya miguu ilikuwa na mlio hata kuku wa jirani walizoea kutaga kwa kuufuata. Siku Pindo akipumzika, mayai hakuna. Haya, hiyo ya kuku ni chumvi kidogo. Sasa natulia.

Mume wake alikuwa dereva wa lori. Alikwenda safari moja akasahau njia ya kurudi, ingawa wanaojua walisema hakuisahau, alipata nyumba nyingine yenye kitanda kipana. Alichomwachia Pindo ni dada yake, yaani Wifi, wakabaki nyumba moja. Wifi alikuwa karani katika ofisi yenye kiyoyozi, na shingoni alining'iniza kadi mbili, ya kuingilia ofisini na ya bima ya afya. Ya ofisini aliivua akifika nyumbani. Ya bima hakuivua. Nadhani aliilalia.

"Mke mwenzangu," nilikuwa nikimwita Pindo hivyo, kwa utani wa bibi na mjukuu, "huyu wifi yako akifa atazikwa na kadi."

"Na atafufuka kudai warudishe walichomkata," alijibu, uzi mdomoni.

Mambo yalianza na gauni lake mwenyewe. Fundi hajishonei, ukimwona fundi kavaa kipya, ujue kuna mteja alikimbia. Hilo lilikuwa la kitambaa kilichobaki, cha buluu, chenye bitana. Akalijaribu. Kulia kitambaa kikalala vizuri. Kushoto kikanyanyuka pembeni kama mtoto mkaidi. Akafumua, akashona upya. Kikanyanyuka tena. Fundi halaumu mwili, analaumu mkasi, kwa hiyo akafumua tena, na alipopitisha kidole ndani kutafuta kasoro ya mshono, kidole kikagonga kitu. Hakikuwa ndani ya gauni. Kilikuwa ndani yake yeye. Kidogo, kigumu, kama kifungo kilichosahaulika kwenye bitana. Akakibonyeza. Hakikuuma, kikasogea kidogo, kikarudi.

Hakuniambia mimi. Haya yote alinisimulia baadaye, tena kwa mapozi yake. Aliyemwambia ni Wifi, kwa sababu Wifi ana kadi.

"Wifi, kuna kitu huku."

"Kitu gani?"

"Uvimbe. Kifuani."

Wifi alikuwa anakula, na hakuacha. "Umri huo ndiyo unaota?"

"Sicheki, wifi."

"Hata mimi sicheki, natafuna."

"Nilikuwa nafikiria hiyo bima yako."

"Bima yangu inaruhusu mume na watoto," Wifi alisema. "Sina mume, sina watoto, kwa hiyo inaniruhusu mimi. Wewe ni nani kwangu? Mke wa kaka aliyekimbia. Niende ofisini nikakuandikishe, waniulize huyu ni nani, niseme nini? Mabaki?"

"Sema fundi wako."

"Fundi wangu anishonee kwanza ile sketi niliyompa tangu mvua zilizopita."

Basi Pindo akavaa nguo ya kutokea, akaenda hospitali ile yenye vioo, ambako sakafu inang'aa hata unaona nguo yako ya ndani ukitembea. Mapokezi palikuwa na dada mwenye kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kwa ubavu wa vidole.

"Bima au keshi?"

"Nikueleze kwanza shida yangu."

"Shida utaeleza ndani. Hapa unaeleza bima au keshi."

"Sina bima."

"Keshi, basi. Kumwona daktari ni hii. Picha ni hii. Kikionekana kitu, wakachoma sindano kutoa kinyama, ni hii ya chini." Akageuza kioo cha kompyuta.

Pindo aliitazama ile ya chini kwa muda. "Hii ni cherehani."

"Siyo, mama. Ni kipimo."

"Ni cherehani na meza yake."

"Mama, una nini, bima au keshi?"

"Nina cherehani."

"Cherehani hatupokei," yule dada akasema. "Sogea kidogo, unamzibia mwenye kadi."

Mwenye kadi alikuwa nyuma yake. Pindo alilijua gauni kabla ya kumjua mtu, mteja wake wa siku nyingi. Upindo wa chini ulikuwa kazi yake, wa mkono, ule usioonekana. Akatabasamu. Mwanamke akatazama saa ya ukutani, kama mtu anayesoma habari muhimu sana, mpaka Pindo akatoka.

Hakukata tamaa. Mahali pa pili, kwenye zahanati, walikuwa na mashine, lakini ilifunikwa shuka ikingoja kipuri, na nesi alizungumza juu yake kwa sauti ya chini kama wapo msibani. Mahali pa tatu waliwahi kupima wanawake bure kwa siku moja, na siku yenyewe ilikuwa imepita. Mabango yalikuwa bado ukutani. Mlinzi akamwambia, "Mama, umekuja kwenye sherehe watu wameshafagia." Akarudi nyumbani kwa miguu, akakaa kwenye cherehani, akashona mpaka mguu ukafa ganzi, na kile kifungo kikakaa kilipo.

Ndipo gari la matangazo likapita mtaani, spika mbili juu ya paa. "Njoo upime kifua. Ni bure. Huhitaji bima, huhitaji malipo. Kifua kinatibika ukiwahi. Usione aibu kupima kifua."

Mtaa mzima tulisikia jambo moja: wakohozi waende. Mimi nilijikoholesha, kinyozi akacheka. Lakini Pindo alisikia jambo lingine kabisa. Alisikia neno lake la kazi likitangazwa barabarani. Kifua, na bure, na usione aibu. Nani aliwahi kuona aibu kukohoa? Aibu ni ya hicho kingine. Akajua hao watu wanasema kistaarabu, kama anavyosema yeye, na moyo wake ukatulia. Kesho yake kibaraza kilikuwa kimefungwa.

Ilikuwa hospitali kubwa ya umma, korido ndefu, chumba cha mwisho chenye madirisha wazi pande zote. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na hilo lilimshangaza, akajiambia kumbe nao yanawapata. Mpimaji alikuwa bwana aliyevaa barakoa. Macho tu ndiyo yaliyoonekana, na macho yenyewe yamechoka.

"Umekuja kupima nini?"

"Kifua."

"Unakohoa?"

Pindo akafikiri. "Kidogo. Vumbi la vitambaa."

"Unatoka jasho usiku?"

"Nalala chini ya bati, hakuna dari."

"Umepungua?"

"Wateja ndio waliopungua."

Yule bwana hakucheka. Labda alichekea ndani ya barakoa. Akampa kikopo akamwambia akohoe kwa nguvu, atoe makohozi. Pindo alikitazama kikopo akajiuliza makohozi yanaingiaje hapa. Lakini hospitali zote huanza na kikopo, hata ukienda na jipu la kisigino. Akakohoa, akatema.

"Ni upande wa kushoto," alimwambia.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Vizuri. Ingia kwenye picha."

Alikuwa amesikia kwamba mashine ya kupima hicho kitu inabana. Kwa hiyo alipoambiwa aegemeze kifua kwenye ubao, aliegemea kwa nguvu zake zote, akajibana mwenyewe, akafumba macho, asije akaonekana mvivu.

"Mama, usiikumbatie," yule bwana akasema. "Gusa tu. Vuta pumzi. Shikilia hapo hapo."

Alipoitwa kupewa majibu alimkuta yule bwana amesimama dirishani, picha mkononi.

"Kifua chako safi."

"Safi?"

"Safi kabisa. Na makohozi hayana kitu."

"Na kile kidude?"

"Kidude gani?"

"Cha kushoto."

Bwana akainua picha kwenye mwanga, akaitazama kwa haki kabisa, siwezi kumsingizia. "Kushoto safi, kulia safi. Kingekuwapo kingeonekana hapa. Wewe jifunge kitambaa puani ukishona."

Angefungua kifungo kimoja cha blauzi, habari ingebadilika hapo. Lakini mbele ya mwanamume, watu wanakohoa mlangoni, na ameshaambiwa safi? Alimshukuru, akamshukuru na mfagiaji, akarudi nyumbani mikono inapepea. Jioni hiyo hiyo aliimaliza ile sketi ya Wifi, tena akaitia bitana ambayo haikuombwa.

"Wifi, nimepimwa. Kifua safi."

"Wapi?"

"Kule kulikotangazwa na gari. Bure."

Wifi alipokea sketi. "Haya, hongera," akasema, akaigeuza sketi kuangalia pindo.

Ukisha kuambiwa uko safi na mtu mwenye picha, unaanza kuulaumu mkono wako kwa kugusa. Pindo aliacha kugusa. Lakini kifungo kikawa gololi, gololi ikawa ndimu, na gauni la buluu likakataa kufungika. Akafanya anachokijua, akarekebisha nguo. Alichukua sponji ile ya kutia mabegani mwa makoti, akakata duara, akaiweka upande wa kulia ili kulia kulingane na kushoto. Kushoto kulipokua, aliongeza sponji kulia. Wateja wakamsifu kwamba ananawiri.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "umepata bwana?"

"Nimepata sponji," akajibu.

Nikacheka mpaka meno yangu mawili yaliyobaki yakagongana. Ulikuwa mzaha mzuri.

Baadaye ngozi ya pale ikaanza kuvutwa ndani, ikakunjamana kama kitambaa chepesi kilichoshonwa kwa uzi uliokaza. Kila fundi anajua dawa ya hiyo: unalegeza uzi. Pindo aliinama mbele ya kioo akautafuta huo uzi, hakuuona, akavaa nguo yake akafungua kibaraza.

Aliyeuona ni nesi mmoja aliyekuja kupimiwa sare, mwanamke mnene wa vicheko, anayefanya kazi katika ile hospitali kubwa. Nilikuwapo, kwenye kigoda changu, nachambua maharage. Nesi aliinua mikono, Pindo akamzungushia futi, na kwa kuwa alikuwa mpana, ikabidi Pindo amkumbatie kidogo ili afike nyuma.

"Fundi," nesi akasema, "umeweka nini humo, sahani?"

"Sponji tu."

"Sponji iko upande huu, nimeisikia. Nauliza upande ule."

Pindo akarudi nyuma hatua, futi mkononi. "Hicho kimeshapimwa. Kifua changu safi. Nilipigwa hata picha."

"Wapi?"

"Kwenu. Chumba cha mwisho, chenye madirisha."

Nesi akashusha mikono. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Chumba cha vikopo?"

"Hicho hicho."

"Pale wanapima TB, fundi."

"Wanapima kifua."

"Cha kukohoa. Mapafu."

"Mimi nilisema kifua. Na upande nikamwambia."

"Ulisema kifua," nesi akasema taratibu.

"Nilipaswa kusema nini?"

"Titi. Unasema titi."

Kinyozi akainua kichwa, na mteja wake naye akainua, wembe bado uko shingoni. Nawaambia ukweli, Pindo alishtuka zaidi kwa neno kuliko kwa habari. Akamshika nesi mkono, akamwomba ashushe sauti. Maharage yangu yalikuwa chini, na sikumbuki yalimwagika saa ngapi.

"Na hicho kupima ni bei gani?" Pindo akauliza.

"Bure. Kila wiki kuna siku yake. Manesi wanakagua kwa mikono, wakihisi kitu unapelekwa mbele, hakuna wa kukuuliza bima. Ni mlango unaotazamana na huo wa vikopo."

"Wenye picha ya..."

"Ya titi. Ndiyo."

"Niliuona," Pindo akasema. "Benchi nililokaa liliutazama. Nikageuka upande, watu wasidhani nimekuja huko."

Jioni Wifi alirudi, akavua kadi ya ofisini, akakuta tumemngoja kibarazani.

"Ulijua?" Pindo alimuuliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba pale ni pa wanaokohoa."

"Nani asiyejua? Gari lilichorwa mtu anakohoa, tena mate yanaruka."

"Na hukusema."

"Ulikuwa umefurahi." Wifi alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza mapishi. "Kila jioni kadi, kadi, kadi. Ulipoambiwa safi ulinyamaza, nyumba ikatulia, na sketi nikapata. Ningesema ili iweje? Uanze upya?"

Nilimwambia Wifi maneno ambayo siyarudii hapa. Akajibu, "Bibi, kalale," akafunga mlango wake.

Siku ya kupima wanawake ilipofika, nilikwenda na Pindo. Tulikaa kwenye benchi lile lile, na safari hii hakugeuka. Zamu yake ilipofika, nesi wa mezani akauliza bila kuinua macho, "Umekuja kupima nini, mama?"

Pindo akanitazama. Akatazama dari. "Ndiyo hiyo ya mlangoni."

"Mlangoni kuna mengi."

"Titi," Pindo akasema, kwa ile sauti aliyokuwa akinong'onea namba za wateja wema.

Daktari alikuwa binti mdogo, mikono yake baridi, akaomba radhi kwa ubaridi. Alikagua titi, akakagua kwapa, akabaki kwapani muda mrefu. Walichoma sindano wakatoa kinyama. Tuliporudi kusikia majibu, binti alikuwa amekwisha kukipanga anachotaka kusema, nikaona kwa jinsi alivyoweka kalamu.

"Ni saratani, mama, na imeshatembea. Iko kwapani. Kabla sijasema zaidi, nataka kujua kama imefika kifuani."

"Kifua kipi?" Pindo akauliza.

Daktari hakulielewa swali. "Mapafu. Hapo mbele tu watakupiga picha."

Tukavuka korido. Mpimaji wa barakoa hakumkumbuka. Pindo aligusa ubao bila kuukumbatia, akavuta pumzi, akashikilia. Yule bwana akainua picha dirishani, akaitazama, akaitazama tena, kisha akaiingiza kwenye bahasha. "Mpelekee daktari," akasema.

Daktari alieleza kwa upole, lakini upole haupunguzi kitu. Alisema kingekutwa wakati kikiwa kidogo, wangekata kidogo, akaenda zake akashona.

"Niliwahi," Pindo akamwambia. "Nilikuja kikiwa kidogo. Nilikaa pale nje."

Binti akaandika karatasi ya dawa, akampa. Kupima kulikuwa bure, kutibu hakukuwa. Kwenye dirisha la dawa aliulizwa bima au keshi, na aliyeuliza hakuwa na ubaya wowote, ndivyo wanavyoamkia watu.

Alipata vidonge vya maumivu, ambavyo vilikuwa vya bure, na baadhi ya zile dawa za drip, mpaka alichokuwa nacho kikaisha. Nywele zikatoka, akashona kofia. Mkono wa kushoto ukavimba, akapanua mikono ya nguo zake, akapanua tena, mwishowe ukawa hausukumi kitambaa sawasawa na mishono ikawa inapinda. Lakini kilichofukuza wateja hakikuwa mishono. Lilikuwa neno. Mteja anakuja, anainua mikono, Pindo anazungusha futi, na pale aliposema "kifua" maisha yake yote, sasa anauliza, "Matiti yako umeshapima?"

Wengine walicheka wakidhani ni utani wa kifundi. Wengine waliangalia kwa kinyozi kama amesikia. Mmoja alijitoa kwenye futi, akavuta kitambaa chake mezani. "Nimekuja kushona blauzi," akasema, "sikuja kutukanwa." Wakahamia kwa fundi wa karibu na duka la mikate, ambaye bado anasema kifua.

"Bibi," Pindo aliniambia siku moja, kibaraza kitupu, cherehani imefunikwa, "namba zao nilizipigia kelele wakarudi. Hili nalisema taratibu, wanakimbia."

"Wapigie kelele," nikamwambia.

"Sina pumzi."

Na kweli hakuwa nayo. Ugonjwa ulikuwa umeshuka ndani, akawa anakohoa, yeye ambaye alikwenda kupimwa kikohozi akiwa hana. Alikufa mchana, mashine ya kinyozi ikinguruma ng'ambo, mkono ule mzima umeshika ukingo wa shuka, anaukunja na kuukunjua kama anatafuta pa kuanzia.

Msibani Wifi alikaa mlangoni kupokea watu. Alilia, sisemi hakulia. Wanawake wakawa wanaingia, wanampa pole, wanakaa, kisha wanainamiana.

"Alikuwa anaumwa nini, masikini?"

"Kifua," Wifi akajibu.

"Aa. Kifua."

Neno likazunguka chumba. Mwanamke mmoja akakisogeza kikombe chake mbali na vya nyumba. Mwingine akamvuta mtoto wake mapajani, akamfunika pua kwa mtandio. Nikasema, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya kawaida, "Lilikuwa titi. Saratani ya titi. Alipimwa kifua bure ndiyo maana amekufa."

Macho yote yakaenda chini.

"Bibi ana uchungu," Wifi akasema. "Na mnamjua Bibi."

Walinijua. Walikuwa na bwana harusi na pindo lake, walikuwa na kuku wanaotaga kwa mlio wa cherehani, na vingine vingi nilivyowapa kwa miaka. Wakanitazama kwa huruma. Mmoja akaniletea chai, akaniwekea sukari mwenyewe, akanikorogea.

Gari la matangazo lilipopita tena, wanawake wa mtaa wetu walikwenda kundi zima, kwa kuwa walikuwa wamekaa na marehemu. Walirudi wakicheka njia nzima. Wote safi.

Mke wa kinyozi alikuwa miongoni mwao. Alikuja kwangu peke yake, nimekaa kwenye kigoda, akasimama kama mtu anayengoja maji ya bomba, mkono mmoja ameubana ubavuni.

"Bibi, ule mlango mwingine," akasema. "Ule uliokwenda na fundi."

"Una nini?"

"Wa kupima ile."

"Ile ipi?"

"Bibi, unajua."

"Mimi sijui kitu. Mimi ni mwongo, ulinikorogea chai. Ukifika kule watakuuliza, na ukiwajibu hivyo watakupa kikopo, ukohoe, wakwambie safi. Sema hapa kwanza."

Akageuka kutazama ng'ambo, ambako mumewe alikuwa na mkasi hewani na wanaume watatu benchini wanangoja zamu. Akanigeukia. Mdomo ukafunguka, ukafungwa.

"Sema," nikamwambia.